Gari Lililoomba Kadi

Kisa hiki hutakiamini. Nimewasimulia watu saba, na wote saba waliniangalia kama mtu aliyekunywa dawa ya kikohozi chupa nzima. Kinyozi wangu alizima mashine katikati ya kichwa changu, akaniacha nusu nina nywele nusu sina, akanitaka niape kwanza ndipo aendelee. Nikaapa. Bado hakuamini. Basi nimeona bora nikiandike, maana karatasi haimkatizi mtu maneno wala haimcheki usoni.

Kinamhusu mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa. Jina lake analo, limeandikwa kwenye vyeti, lakini mtaani hutalisikia. Anaitwa Futi. Ni fundi cherehani, na ile futi ya kupimia nguo haijashuka shingoni mwake tangu amalize mafunzo. Siku ya kujifungua mtoto wa pili alikwenda nayo wodini. Nesi alipotaka kuivua, Futi akamwambia aiache ilipo, ila akimaliza kazi yake asogee apimwe mabega, kwa sababu sare aliyovaa imembana kwapani. Ndiyo mtu mwenyewe huyo. Haamini jicho, haamini neno, anaamini inchi. Ukimwambia una njaa sana, atataka kujua hiyo sana ni kiasi gani.

Tabia hiyo hakuirithi kwangu. Mimi sijawahi kusumbuliwa na vipimo.

Sasa mama yake, yaani dada yangu, ndiye aliyemfundisha kushona, na magoti yake yaligoma kazi bila kutoa taarifa. Akikaa mahali pa chini, hainuki. Mwaka jana tulimpeleka kwa daktari kwa teksi, moja ya yale magari yaliyolala chini kama paka anayenyemelea panya. Kuingia aliingia, kwa kuwa kuanguka hakuhitaji magoti. Kutoka ndiko kulikokuwa na kazi. Dereva alivuta mkono mmoja, mimi nikavuta wa pili, mlinzi wa hospitali akazunguka upande wa pili akawa anasukuma, na mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni, mgonjwa yeye mwenyewe, akajitolea kutuhesabia: moja, mbili, tatu. Dada akatoka na kiatu kimoja. Watu wakapiga makofi. Jinsi tulivyomrudisha nyumbani sitaki hata kukumbuka. Alifika, akakaa kwenye kiti chake, akasema neno moja tu.

“Mimi si gunia la kushushwa. Safari zangu zimekwisha.”

Na kweli zikaisha. Miezi tisa hakuvuka geti. Dunia yake ikawa kile kiti cha mbao chenye mikono, ambacho seremala alikiongezea vigogo chini ya miguu kikawa kirefu. Kutoka kwenye kiti hicho dada aliinuka mwenyewe, taratibu, mkono kwenye mkono wa kiti, bila kushikwa na mtu. Ukijaribu kumsaidia anakuangalia mpaka unakumbuka dhambi zako.

Kilichomuuma Futi kilikuwa hiki. Duka lake la ushonaji liko mwendo wa dakika ishirini tu, na mama yake alikuwa hajalitia machoni. Lilipofunguliwa, miaka mitatu iliyopita, magoti yalikuwa yameanza, ikawa mwezi ujao, mwezi ujao, hadi ikawa basi. Cherehani ya dada, ile ya zamani ya kukanyaga kwa miguu, ipo pale dukani karibu na dirisha. Futi huipaka mafuta kila Jumamosi na hamruhusu mtu kuigusa.

Jumapili moja nikamkuta mpwa wangu amepiga magoti mbele ya kiti cha mama yake, anapima kutoka sakafuni hadi pa kukalia. Inchi ishirini na tatu. Akaandika kwenye daftari la wateja, ukurasa wa mama yake, chini ya kiuno na urefu wa mkono. Kisha akaniambia anatafuta gari la inchi ishirini na tatu.

Bila shaka aliniambia mimi kwa sababu magari nayajua. Niliwahi kufanya kazi na wajenzi wa barabara, wageni watupu, wengine Wajapani, na nilikuwa mtu wao mkubwa. Kazi yenyewe ilikuwa kushika ule mti wenye rangi nyekundu na nyeupe ambao mpimaji huuchungulia kwa mbali, lakini bila mimi barabara ile ingepita jikoni kwa watu. Nikavaa koti, tukaenda kwenye yadi ya magari yaliyotumika.

Dalali alitupokea kwa injini. Injini hii, injini ile, gari lilikuwa la mama mmoja aliyeliendesha kwenda sokoni tu na kurudi, siku za jua. Magari yote ya yadi ile yalikuwa ya huyo mama. Futi hakumsikiliza. Alifungua mlango wa kwanza, akainama, akashusha futi kutoka kwenye siti hadi ardhini. Kumi na nane. Akafunga. La pili, kumi na tisa. Akaenda kwenye lile kubwa la kupanda milima, akapata thelathini na moja, akasema labda wanunue na ngazi. Dalali akaniuliza pembeni, kwa sauti ya kutaka kusikika, kama binti huyu anataka gari au analishonea sketi. Futi, bado ameinama, akamjibu kwamba suruali aliyovaa dalali imekwama inchi mbili juu ya kifundo, kwa hiyo katika mambo ya kupima angenyamaza. Dalali akaitazama suruali yake. Nilimwona akiivuta suruali chini kila tulipogeuka.

Mwisho kabisa, karibu na uzio, palikuwa na kigari cha kijivu kile cha sare za shule. Si saluni, si jipu. Ni chotara: uso wa saluni, miguu ya jipu, tumbo la kubebea watoto na mizigo. Futi akapima. Ishirini na tatu na nusu.

Akasimama. Sijawahi kuona mtu akifikiria nusu inchi kwa muda mrefu kiasi kile. Dalali alisema dada, nusu inchi ni nini, mimi nikasema nusu inchi ni nini, hata yule mfagiaji wa yadi akaegemea fagio lake akasema nusu inchi si kitu. Mwishowe Futi akacheka peke yake.

“Kiti nilikipima Mama akiwa pekupeku,” akasema. “Nusu inchi ndiyo soli ya kiatu chake cha kutokea.”

Hapo nikaanza ukaguzi wangu. Nilipiga teke matairi yote manne, na la tano nikalifuata kwenye buti. Nikavuta kile kijiti cha kufungulia boneti, kikafunguka kifuniko cha mafuta. Nikawaambia nilitaka kunusa mafuta kwanza, ndivyo wataalamu tunavyofanya. Futi akaniitikia kwa heshima, halafu kesho yake akaleta makanika wa kweli, akalilalia chini kutwa nzima. Likanunuliwa.

Jambo moja tuliliona kulekule yadi na tukalipuuza: gari lilikuwa linaongea. Ukiwasha, sauti ya mwanamke, laini kama nesi wa zamu ya asubuhi, inasema maneno ya Kijapani kwa sekunde kadhaa, kisha inanyamaza. Dalali alisema linasalimia tu.

Siku ya kumleta dada kwenye gari, nyumba nzima ilitoka. Mume wa Futi, ambaye ni mpishi wa hospitali, aliomba ruhusa kazini. Watoto wawili walikuwa wamekwisha kujifunga mikanda huko nyuma. Dada alitoka na gauni la kutokea, mkoba mkononi, kiatu cha soli ya nusu inchi mguuni. Ilimchukua muda kutoka mlangoni hadi kwenye gari na hakuna aliyethubutu kumshika. Alipofika, Futi akawasha ili siti ipate ubaridi, na gari likasema maneno yake. Katikati ya maneno hayo, kila mtu alisikia wazi: kaa-do.

Dada akasimama. “Linasemaje?”

Wakanigeukia mimi. Si nilikuwa nimewaambia miaka yote kwamba Kijapani nakisikia kama maji? Ningefanya nini? Mdomo ukaponza kichwa. Nikakaza uso wa mtaalamu, nikasema, “Linasema kaa kando.”

Nilitaka wacheke. Watoto walicheka. Dada hakucheka. Aliliangalia gari, akaniangalia mimi, akamwangalia binti yake.

“Nimevaa. Nimetoka. Nimefika mlangoni,” akasema. “Halafu naambiwa nikae kando.”

Akageuka. Safari ya kurudi kwenye kiti ilikuwa fupi kuliko ya kuja, hasira ni dawa ya magoti kwa muda. Nilimfuata nikimweleza kuwa Wajapani wana namna yao ya kusema, kwamba kaa kando kwao ni heshima kubwa. Akafunga mlango.

Basi wakaishi na gari bila yule aliyenunuliwa gari. Na gari, kwa upande wake, likajifanya la nyumbani. Buti likajaa vitambaa na sare za kupeleka shuleni. Siti zikajaa pini. Mume wa Futi alijifunza kupapasa kabla ya kukaa, na hata sasa ukimkaribisha kwenye kochi la kwako anapapasa kwanza. Redio ya gari ilishika stesheni moja tu, ya mambo ya kilimo, na mpwa wangu ambaye hajawahi kufuga hata kifaranga akawa anajua magonjwa yote ya kuku na dalili zake. Wateja wakawa wanamletea maswali. Kuegesha ndiko kulikoleta aibu. Futi hakuiamini ile kamera ya nyuma, kwa kuwa haikuandika inchi. Akiona nafasi kati ya magari mawili, anashuka, anapima nafasi, anapima gari lake, anarudi kukaa, anaingiza. Nyuma honi zinalia kama harusi. Lakini mkwaruzo hata mmoja gari halina, na waliopiga honi wote wana bampa zilizofungwa kwa waya.

Ila kila jioni alipoingia getini, mama yake aligeuza uso upande wa pili. Mara mbili Futi alimbembeleza. Dada akamwambia hana ugomvi na mtu, ila hawezi kupanda chombo kilichomkataa mbele ya wajukuu. Futi akaniambia siku moja, akikata kitambaa, bila kuinua kichwa, kwamba mama yake ameanza kuacha kuuliza habari za duka. Zamani aliuliza kila jioni. Nikajifanya natafuta miwani.

Akalipeleka gari kwa fundi umeme wa magari, mtu mpole anayezungumza na nyaya kuliko watu. Akamwambia alinyamazishe. Fundi hakuuliza, akachomoa kitu chini ya dashibodi, gari likawa kimya. Futi akarudi nyumbani mbio, akaliwasha mbele ya mama yake. Halikutoa hata neno.

Dada akatega sikio. Akangoja. Halafu akatikisa kichwa polepole.

“Kwa wengine lilikuwa linaongea. Limeniona mimi, limenyamaza,” akasema. “Limeninunia.”

Futi akarudi kwa fundi umeme, akamuuliza hasa alichomoa nini na kile kitu kilikuwa kinasema nini. Fundi akamwonyesha kisanduku kidogo chenye mdomo mwembamba. Huko lilikotoka, akasema, gari likipita barabara kuu linalipa lenyewe kwa kadi, na kadi inakaa humu. Kila likiwashwa linamkumbusha mwenyewe kwamba kadi haijawekwa. Kadi, wao wanatamka kaado. Ndiyo hiyo tu.

Alikuja kwangu moja kwa moja. Alinikuta nimekaa kibarazani nikimweleza jirani jinsi nilivyowahi kusimamisha greda kwa mkono mmoja. Hakunisalimia. Akavua futi shingoni, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akaikunjua mbele yangu.

“Mjomba, Kijapani chako ni inchi ngapi?”

Nikaiangalia ile futi. Nikasema labda robo.

“Nionyeshe hiyo robo.”

Nikamwambia walikuwa wanasema hai, nami nilikuwa naitikia hai. Jirani akainuka akaenda zake, akicheka hadi kwake. Futi hakucheka. Aliniambia nimfuate, na mimi mtu mzima, mwenye ndevu nyeupe, nikafuata kama mtoto aliyevunja kikombe.

Dada alikuwa kwenye kiti chake. Nikasimama mbele yake nikasema yote: kwamba Kijapani sikijui, kwamba kaa kando niliitunga mimi, kwamba gari halina neno naye. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Tangu umeanza kuongea nakusikia ukidanganya,” akasema. “Siku moja tu nikakuamini. Kosa ni langu.”

Futi akachuchumaa karibu na kiti, akamweleza taratibu habari ya kile kisanduku. Kwamba linaomba kadi, Mama. Hakuna lingine. Linaomba kadi kila siku na hakuna anayelipatia.

Niliona kitu kinapita usoni mwa dada, nikadhani ni magoti.

“Kadi,” akasema. “Kumbe lina adabu kuliko nyinyi.”

“Kwa nini, Mama?”

“Halitembei bila kadi. Hata mimi nililelewa hivyo, mtu haendi kwenye shughuli ya mwenzake bila kadi.” Akanyoosha gauni lake gotini. “Ulifungua duka. Wateja wako waliletewa kadi, niliziona hapa mezani zikiandikwa. Mimi niliambiwa kwa mdomo, Mama utakuja. Kama anayeambiwa aanue nguo.”

Miaka mitatu. Tulidhani magoti, tukanunua gari kwa ajili ya magoti, tukapima soli ya kiatu, kumbe magoti yalikuwa nusu tu ya habari, na ile nusu nyingine futi haikuifikia. Futi alifungua mdomo kama anayetaka kusema alidhani mama haalikwi, mama ni mwenye nyumba. Akainama, akaushika mguu wa mama yake pale kwenye kifundo, kama anayepima, lakini hakuwa anapima.

Asubuhi iliyofuata mambo mawili yalitokea. Fundi umeme alipata mteja wa kwanza maishani mwake anayetaka kelele irudishwe, akauliza mara tatu kama amesikia vizuri. Na dukani Futi alichukua lile karatasi gumu la kukatia mitindo, akakata kipande kidogo, akakipitisha kwenye cherehani kingo zote nne kwa uzi wa bluu, akaandika kwa mwandiko wake bora. Nimekisoma. Kilisema Mama anaalikwa kwenye ufunguzi wa duka la binti yake, siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi, na kwamba bila yeye halijafunguliwa. Mimi ndiye niliyetumwa kukipeleka, kwa mikono miwili, kama adhabu.

Jumamosi dada akatoka. Gauni, mkoba, kiatu. Hakuna aliyemshika. Futi akawasha, na yule mwanamke wa Kijapani akasema yake, na katikati akasema kaa-do. Dada akafungua mkoba, akatoa kadi, akaiinua mbele ya dashibodi ilipotoka sauti.

“Hii hapa,” akaliambia. “Tena ya kushonwa.”

Kisha akageuka, akarudisha mgongo kwenye siti, akakaa. Namaanisha alikaa, hakuanguka. Siti ilimpokea palepale alipotarajia, inchi kwa inchi. Akaingiza mguu mmoja, akaingiza wa pili, akavuta mlango mwenyewe. Mume wa Futi alikuwa ameziba macho kwa kofia yake ya upishi, ikabidi mtoto amwambie kwamba Bibi ameshaingia. Mimi nilibanwa nyuma kati ya watoto na furushi la sare, juu ya pini mbili, na sikulalamika.

Njiani dada alisikiliza redioni habari za mdondo, ule ugonjwa wa kuku. Tulipokaribia duka Futi akapata nafasi ya kuegesha, akaanza kushuka apime. Mama yake akamwambia akae, nafasi inatosha, yeye anaiona. Futi akaliingiza gari bila kupima. Nilishuhudia kwa macho yangu haya.

Halafu mlango ukafunguliwa. Watu wa mtaa ule walikuwa wamesimama, maana habari zilikuwa zimetangulia, na mimi niliogopa makofi. Dada akatoa miguu nje, akaweka mkono kwenye mlango kama anavyouweka kwenye mkono wa kiti. Akainuka. Hakuvutwa, hakusukumwa, hakuna aliyehesabu moja mbili tatu. Viatu vyote viwili vilikuwa mguuni. Akalitazama duka lile, kibao chake, dirisha lake, na cherehani yake iliyokuwa inang'aa kwa mafuta nyuma ya kioo, akampa binti yake mkoba amshikie.

Hapo ndipo penye jambo ambalo kinyozi wangu alilikataa kabisa. Nami naliandika hapahapa dukani, kwenye meza ya kukatia, Futi akiwa nyuma yangu anapiga pasi, ili ushahidi uwe karibu. Dada aliachia mlango wa gari, akavuka njia peke yake, akapanda ngazi ishirini na nne bila kugusa ukuta, ya mwisho aliiruka, akakaa kwenye ile cherehani, akakanyaga mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka, na kabla ya saa sita mchana alikuwa ameshona magauni kumi na manane, suruali za dalali, na mapazia ya—

“Mjomba, leta hiyo kalamu. Ngazi ni mbili. Na alishona kifungo kimoja.”